Kabla Hujafunga Mwaka wa Shule, Chagua Mada Tatu Tu

Kila mwaka wa shule ukikaribia kufungwa, lazima atokee mtu wa kutuma kwenye kundi la walimu orodha ndefu ya tovuti za kujifunzia. Tunamshukuru, tunamwekea dole gumba, basi. Mwaka unaofuata orodha inarudi ikiwa ndefu zaidi.

Mimi nafundisha fizikia na hisabati, na nasema usianze na tovuti. Anza na karatasi za mtihani ulizotoka kusahihisha. Sasa hivi ushahidi wa mahali wanafunzi walipokwama uko mkononi mwako. Likizo ikiisha utakuwa umeshasahau nusu yake. Chagua mada tatu zilizowaangusha wengi, na mbele ya kila mada andika kosa lenyewe. Ukiandika "umeme" hujaandika kitu. Andika hivi: "Wanadhani balbu ya kwanza inakula mkondo, ya pili inapata mabaki." Hilo sasa linatafutika.

Kwa kosa hilo naenda moja kwa moja PhET, mradi wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder ulioanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya fizikia. Ni majaribio ya kisayansi yanayoigizwa kwenye skrini, ya bure, na baadhi yametafsiriwa kwa Kiswahili. Fungua lile la kuunda sakiti za umeme, unganisha betri, swichi na balbu mbili kwa mfuatano. Kabla ya kufunga swichi, kila mwanafunzi aandike kwenye daftari: amita (kifaa cha kupimia mkondo) itasoma zaidi kabla ya balbu ya kwanza, katikati ya balbu, au baada ya ile ya pili? Halafu funga swichi, mpime sehemu zote tatu. Usomaji ukitoka uleule kote, darasa litaanza kubishana lenyewe, nawe nyamaza kidogo uwaache. Ukiruka hatua ya kutabiri, watafurahia balbu kuwaka na kuondoka na imani yao ileile. Kwa maoni yangu, swali hilo la kwenye daftari lina thamani kuliko picha zote za skrini.

Jaribio hilo unaweza kulipakua likawa faili linalofunguka kwenye kivinjari bila intaneti. Lipakue sasa, lihifadhi kwenye flashi, kisha zima data na ulifungue tena. Fanya hivyo kwa kila nyenzo unayoichagua. Isiyofunguka, ama itafutie mbadala au panga kuitumia siku ambayo mtandao ni wa uhakika.

Grafu za mstari zikiwa ndizo tatizo, GeoGebra, programu ya kuchora grafu, inatosha: andika y = mx + c, buruta kitelezi cha m peke yake, kisha c peke yake, waseme wenyewe nini kimebadilika. Mazoezi ya kurudiarudia yako Khan Academy, tovuti ya masomo ya bure, ambako mwalimu anaweza kufungua darasa, kugawa kazi na kuona nani amekwama wapi. Anayehitaji ensaiklopidia bila bando atumie Kiwix, inayokuwezesha kupakua Wikipedia na kuisoma nje ya mtandao. Ukiona faili ni kubwa mno, tafuta toleo lisilo na picha.

Ukitaka kutafsiri au kukatakata kazi ya mtu, angalia leseni yake kwanza. Kwenye leseni za Creative Commons, ambazo mwenye kazi huzitumia kuwaruhusu wengine waitumie kwa masharti, BY maana yake umtaje mwenye kazi, NC usiifanyie biashara, na ND usisambaze toleo ulilolibadilisha. Tafsiri nayo ni mabadiliko, kwa hiyo penye ND usiitume kwa wenzako bila ruhusa.

Nawe usijisahau, ila kozi moja inatosha. OpenLearn ya Open University ya Uingereza ina kozi za bure, na kila moja inaonyesha saa inazohitaji pamoja na kiwango chake. Zisome saa hizo kabla ya kujiandikisha, kisha uzigawe kwenye kalenda ya likizo ukiacha siku za kupumzika. Likizo ni likizo, jamani.

Mwisho kuna kazi ya ukarani. Fungua azimio la kazi la mwaka ujao na uandike jina la faili kwenye wiki ileile ya mada, pamoja na swali utakaloanza nalo. Hamisha nyenzo zako kutoka akaunti ya shule ikiwa unahama, maana akaunti hiyo inaweza kufungwa. Majina na alama za wanafunzi usiondoke nazo: hizo ziache shuleni, na madarasa ya mtandaoni ambayo hayahitajiki tena yafunge.