Somo: Kufuatilia nasaba ya mabwana wa mashamba wa Uingereza, kwa mfano wa akina Washington wa Sulgrave

Kosa linaloharibu nasaba nyingi ni kumkuta mtu mwenye jina unalolitafuta, miaka ikikaribiana, ukamfanya babu. Mwishoni mwa karne ya 18, Sir Isaac Heard, mkuu wa wataalamu wa nembo za koo jijini London, aliitafuta asili ya Rais George Washington. Ilijulikana kwamba ndugu wawili, John na Lawrence, walihamia Virginia katikati ya karne ya 17. Heard akawakuta John na Lawrence ndugu katika ukoo wa Sulgrave, Northamptonshire, akawaunganisha. Mwaka 1866 mtafiti wa nasaba Joseph Chester alionyesha kuwa haiwezekani: John yule alikuwa na cheo cha Sir na Lawrence yule alikuwa kasisi, ilhali waliohamia hawakuwa hivyo. Ukihesabu kutoka kwa Lawrence wa kwanza, aliyenunua shamba la Sulgrave, hadi kwa George ni watu wanane, na wanne kati yao wanaitwa Lawrence. Jina peke yake lingekusaidia nini hapo?

Hatua ya 1. Anza na aliye karibu nawe, rudi nyuma kizazi kimoja kimoja. Kila unapoandika "mwana wa fulani", andika pembeni hati inayosema hivyo. Kama hati haipo, acha nafasi wazi.

Hatua ya 2. Fungua daftari za parokia. Mwaka 1538 Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry wa Nane, aliamuru kila parokia iandike ubatizo, ndoa na maziko. Nyingi za mwanzo zimepotea, na miaka ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, kuanzia 1642, ina mapengo mengi.

Hatua ya 3. Angalia kalenda. Hadi 1751 mwaka wa Kiingereza ulianza tarehe 25 Machi, kwa hiyo Februari 1652 ya daftari ni Februari 1653 kwa hesabu yetu. George mwenyewe aliandikwa kuzaliwa 11 Februari 1731; leo tunasema 22 Februari 1732, kwa sababu kalenda nayo ilisogezwa siku 11.

Hatua ya 4. Soma wasia na hati za mirathi. Hapa ndipo msikimbie, ndugu zangu. Daftari la ubatizo hukupa mtoto na mzazi. Wasia hukupa familia nzima ikiwa imekaa pamoja. Mwaka 1889 mtafiti wa nasaba Henry Waters alilifumbua fumbo la Washington kwa njia hiyo. Andrew Knowling wa Tring, Hertfordshire, aliandika wasia uliomtaja Amphillis Washington, binti wa mkewe, pamoja na watoto wake, wakiwemo John, Lawrence na Martha. Amphillis alipofariki, mirathi yake ilikabidhiwa kwa John, mwanawe mkubwa. Sasa vuka bahari: wasia wa John wa Virginia, wa mwaka 1675, unamtaja ndugu yake Lawrence na dada yake Martha. Kina John ni wengi, lakini John mwenye Lawrence na Martha ni familia inayotambulika.

Na mume wa Amphillis? Ni kasisi Lawrence yuleyule, aliyeondolewa katika parokia ya Purleigh, Essex, mwaka 1643. Heard alimfanya mhamiaji kumbe ndiye baba wa wahamiaji. Sir John alikuwa ami yao. Heard alikosea kizazi kimoja tu.

Hatua ya 5. Fuata ardhi. Lawrence wa kwanza, mfanyabiashara wa sufu aliyewahi kuwa meya wa Northampton, alinunua Sulgrave mwaka 1539 baada ya mali za watawa kutwaliwa na mfalme. Ununuzi ule uliacha hati, na kanisani kuna bamba la shaba linalomwonyesha na watoto wake 11.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu, shikamoo. Nembo ya ukoo si ushahidi tosha?

Marahaba. Haitoshi. Kati ya 1530 na 1688 maofisa wa nembo walizunguka wilayani kukagua nani ana haki ya nembo, na nasaba walizoandika mara nyingi zilisimuliwa na familia yenyewe. Ziamini kwa wazazi na babu wa msimuliaji. Zaidi ya hapo, tafuta hati.

Mimi nakwama kwa wanawake, mwalimu. Wakiolewa jina linapotea.

Watafute katika wasia wa baba zao, baba wa kambo na ndugu zao, dada yangu. Pia shika majina ya kwanza yaliyo adimu. Kina Elizabeth na Margaret ni wengi mno, lakini Amphillis hukutani naye kila siku. Ukimpata Tring na wanawe, mshike hapo hapo.

Kilatini je? Sijakisoma.

Wasia mwingi wa wakati huo umeandikwa kwa Kiingereza. Kilatini utakikuta zaidi katika kumbukumbu za mahakama, hadi 1733, na maneno hujirudia: filius ni mwana, filia ni binti, uxor ni mke, sepultus ni amezikwa. Anza na hayo manne.