Kabla hujamtegea panya, anza na kiroboto: maandalizi dhidi ya tauni

Tauni iliingia Lushoto, kwenye milima ya Usambara, mwaka 1980. Kwa zaidi ya miaka 20 ilizunguka kijiji hadi kijiji, ikalaza maelfu ya watu na kuua mamia. Baadaye ikasikika Mbulu, mkoani Manyara. Ituri, mashariki mwa Kongo, wanaijua hadi leo, na Madagascar mwaka 2017 watu zaidi ya 2,000 waliugua ndani ya miezi michache, wengi wao tauni ya mapafu. Tiba ipo, na bado watu wanakufa kwa sababu ya kuchelewa. Ndiyo maana nasisitiza maandalizi ya kabla.

Kwanza mfahamu adui. Bakteria wa tauni, Yersinia pestis, anaishi kwa panya na viroboto wao. Kiroboto akinyonya damu ya panya mgonjwa, bakteria huzaana ndani yake mpaka wakaziba njia ya chakula. Damu anayonyonya haifiki tumboni, njaa inamzidi, anauma tena na tena, na kila anapouma anairudisha ile damu pamoja na bakteria kwenye ngozi ya aliyeumwa. Panya akifa, mwili unapoa na kiroboto anahama kutafuta mwenye damu ya moto. Kama panya huyo kafia darini, juu ya mahindi, wa karibu ni mtoto aliyelala kwenye mkeka pale chini.

Kwa hiyo ukiona panya wanajifia wenyewe, nyumbani au shambani, usikimbilie dukani kununua sumu ya panya. Najua ndiyo fikra ya kwanza ya kila mtu. Lakini sumu itaua panya wengi kwa siku mbili tatu, na viroboto wao wote watawashukia nyinyi. Viroboto watangulie kufa. Dawa ya unga ya kuua viroboto huwekwa kwenye mashimo ya panya, kwenye njia zao kando ya kuta na chini ya vitanda; mitego na sumu vifuate baadaye. Muulize afisa afya dawa ipi inafaa ndani ya nyumba na kwa kipimo gani. Dawa ya kupulizia shambani isiingie chumbani wanakolala watoto.

Hujui kama nyumba yako ina viroboto wengi? Usiku chukua sinia au karai pana, tia maji kidogo na sabuni ya unga, weka katikati taa ndogo ya sola juu ya kopo, kisha liache sakafuni kwenye chumba ambacho hakuna anayelala. Viroboto hufuata mwanga, wanaruka na kuzama. Asubuhi inama uangalie: vidoa vya rangi ya kahawia, vyembamba kama vimebanwa ubavuni, na miguu mirefu ya nyuma. Ukiwakuta wengi, chukua hatua hata kama hakuna panya aliyekufa.

Panya mzima anafuata chakula na maficho. Mahindi yanayohifadhiwa darini juu ya jiko yana faida yake, moshi unayakinga na wadudu, na simlaumu mtu kwa desturi hiyo. Ila ukiweza, hamishia nafaka kwenye pipa la bati lenye mfuniko au ghala lililoinuliwa, ambalo nguzo zake zimevishwa bati ili panya ateleze. Ziba mashimo, na fyeka vichaka karibu na nyumba. Kulala kitandani kunasaidia sana kuliko kulala chini. Kama vitanda havitoshi, watoto wapewe kwanza. Mbwa na paka nao hubeba viroboto, basi wasilale na watu.

Panya aliyekufa asiguswe kwa mkono mtupu, na watoto waambiwe hivyo mapema, maana wao ndio humwokota kumchezea. Mpulizie dawa ya wadudu, mwondoe kwa koleo, mfukie shimo refu au umchome, kisha mtaarifu mwenyekiti wa kitongoji na afisa afya siku hiyohiyo.

Dalili huanza kati ya siku 1 na 7 baada ya kuumwa na kiroboto: homa kali ya ghafla, baridi, kichwa, mwili kuishiwa nguvu, halafu mtoki, yaani tezi inayovimba na kuuma sana. Mara nyingi hutokea kinenani, kwa kuwa kiroboto wa sakafuni huuma miguu. Huweza kutokea kwapani au shingoni pia. Usiukande wala kuuchanja. Bila tiba, tauni ya mtoki huua kati ya watu 30 na 60 katika kila 100. Ikishuka mapafuni, mgonjwa anakohoa damu na kuambukiza wengine kwa matone ya mate. Hiyo bila dawa karibu hakuna anayepona, na dawa inatakiwa ndani ya saa 24 tangu dalili zianze. Jentamisini, streptomisini na doksisaiklini zinaitibu vizuri zikiwahi. Anayemhudumia mgonjwa anayekohoa avae barakoa, na maiti isioshwe nyumbani kabla wahudumu wa afya hawajafika.

Mkifika kituoni, msitaje homa tu. Semeni, "Kwetu panya wanakufa." Kisha tajeni kila aliyelala nyumba ile wiki hiyo, hata mgeni aliyekwisha panda basi kurudi Dar es Salaam, ili naye atafutwe na apewe doksisaiklini ya siku 7 kabla hajaanza kuugua.