Umeanguka na kinga (baiskeli) mu mashindano? Angalia furshe, ile uma inakamata gurudumu ya mbele, mbele ya kupanda tena

Watu wengi wakianguka mu mashindano wananyoosha gidoni, wanarudisha nyororo, basi wanapanda. Kama ulianguka tu ubavu, mara mingi haina shida. Lakini kama gurudumu ya mbele iligonga kitu, kinga ya mwenzako, shimo, ao yale majiwe nyeusi ya volkano pembeni ya barabara ya Sake, huku kwetu Kongo, shuka kwanza.

Pangusa kadre (fremu ya kinga) vizuri juu ufa unajifichaka mu vumbi. Pitisha kidole chini ya tiyo kubwa yenye inashuka kwa pedali, pale nyuma kidogo ya tiyo ya gidoni, ile fupi ya mbele ya kadre. Ukisikia kamukunjo, ao rangi imekunjamana na kupasuka, kadre ilijikunja. Tiyo ya juu vilevile.

Sasa furshe. Iangalie kwa pembeni: ikirudi nyuma gurudumu inakaribia kadre, na ukikata kona ncha ya kiatu inaanza kugusa. Zungusha gidoni polepole, ikikamatia pahali pamoja, tiyo ya furshe yenye inaingia ndani ya kadre ilipinda. Gurudumu haikai katikati? Itoe, uigeuze, ya kushoto iende kuume. Kasoro ikihamia upande ingine ni jante, ikibakia palepale ni furshe (ao haukuikaza vizuri, angalia na hiyo).

Kwa kujua kama kadre ilipinda upande wa nyuma, tumia kamba: ifunge pale gurudumu ya nyuma inaingiaka, ipitishe mbele ya tiyo ya gidoni, irudishe upande mwengine, vuta, kisha pima toka kamba mpaka tiyo ya kiti, kushoto na kuume. Tofauti ya milimeta moja si kesi, ine ni kesi.

Kadre ya chuma fundi mzuri anaweza kuinyoosha bila moto. Ya alimini hapana, inakatika, na sudere (fundi wa kuchomelea) wa milango ya chuma atakuambia ni kazi ya dakika kumi lakini moto wake unaondoa ile nguvu alimini ilipewa kiwandani. Karboni igonge polepole na feza ya chuma ya Rwanda, juu sisi Kongo hatunaka feza za chuma: sauti ikitoka kavu halafu pahali fulani inakuwa ya kufa, tabaka zimeachana ndani hata kama rangi ni nzuri.

Furshe yenye iligonga na kupasuka haisuderiwi, hata ya chuma. Tafuta ingine, na uende na ile ya zamani mukononi, juu kuko zenye tiyo ya kuingia mu kadre ni ya unene wa inchi 1 na za inchi 1 na 1/8, na tiyo hiyo ikiwa fupi kuliko yako haitafika.