Jinsi ya kusema shukrani zako mwenyewe siku ya Thanksgiving

Wamarekani wanasherehekea Thanksgiving, sikukuu yao ya kushukuru na kula pamoja, Alhamisi ya nne ya Novemba, iko hivyo kisheria tangu 1941, na sisi huku Uganda wenye ndugu kule tunapigiwa simu tuseme tunashukuru nini. Usijibu tu "uzima na familia", hiyo kila mtu anasema. Usiku wa kuamkia siku yenyewe chukua kalamu, mfikirie mtu mmoja aliyekushika mkono mwaka huu, andika alichofanya hasa. Mimi namuandika mama wa duka hapa Busia, mtoto alishikwa na malaria usiku, nikagonga, akafungua na leso begani, akanipa pesa ya boda na wala hakuuliza narudisha lini, jamani huyo mama namshukuru mpaka leo. Ukishaandika nenda ukamwambie mwenyewe uso kwa uso, hapo ndo shukrani inafika. Ndugu wa New York mpigie mapema, maana wakikaa mezani saa kumi jioni huku kwetu ni saa sita usiku na wengi mshalala. Na kwenye simu kila mtu apewe zamu yake, hata watoto, msiwakatize.