Jinsi ya kuacha kumficha Mungu dhambi yako

Jamani, anza kwa kujikagua unavyoomba. Ukiona siku hizi unasali haraka haraka, unawataja wagonjwa, wasafiri, watoto wa watu wote, afu wewe mwenyewe unajipitisha na "nisamehe pale nilipokosea", ujue kuna kitu umekifukia. Mimi nilikaa na hela ya kikundi miezi saba, daftari la mahesabu nimelificha chini ya godoro na nikipiga magoti viwiko viko juu ya godoro hilo hilo, maneno hayatoki kabisa.

Kasome Yoshua 7, habari za Akani. Waisraeli walipouteka mji wa Yeriko, yeye alichukua kwa siri vitu ambavyo Mungu alikataza visichukuliwe: joho zuri la Babeli, shekeli 200 za fedha na dhahabu ya shekeli 50, akachimba hemani kwake akafukia. Sasa hilo joho angelivaa wapi? Mungu alimwona tangu anachukua, waliokuwa hawajui ni watu tu, na kabla hajajulikana wanaume kama 36 wasio na hatia walishakufa vitani kwenye mji wa Ai. Hapo ndo huwa naumia sana, maana tunasema dhambi yangu ni yangu mwenyewe kumbe wanaoumia ni wengine.

Kwahiyo funga mlango, sema kwa sauti, na dhambi uiite kwa jina lake. Usiseme "niliteleza" wala "shetani alinipitia", sema niliiba, nilizini, nilimsingizia fulani. Inatisha mara ya kwanza, ila humpi Mungu taarifa mpya, unaacha tu kubishana nae. Mfalme Daudi alipobanwa na nabii Nathani alisema tu amemkosea Bwana, hakuleta maelezo marefu.

Halafu rudisha. Zakayo mtoza ushuru aliahidi kurudisha mara nne ya alichodhulumu, wewe kama huna yote peleka ulichonacho na useme lini unamalizia, na usianze na "lakini". Kama jambo ni zito tafuta kwanza kiongozi wa dini au mtu mzima mwenye kifua muende wote.

Mimi nilimpigia mwenyekiti saa nne usiku, nikamwambia, "Hela ninayo mimi, niliitumia." Akanyamaza mpaka nikadhani simu imekata, afu akaniuliza, "Unaleta lini?" Nikamwambia nusu kesho asubuhi, nyingine mwisho wa mwezi. Nilipokata simu nikatoa lile daftari chini ya godoro nikaliweka mezani, ndo nikapiga magoti.