Somo: Kuupanga ukurasa wa wavuti kwa tagi za HTML zenye maana

Wakuu, ukurasa uliojengwa kwa `<div>` pekee (visanduku visivyosema vimebeba nini) unaweza kupendeza machoni, lakini kwa programu inayomsomea asiyeona ni ukuta mrefu usio na mlango. Leo tutoboe milango.

Hatua ya 1. Usiguse kodi (code) bado. Andika karatasini kila sehemu ya ukurasa ni kitu gani. Rangi yake na upande iliokaa, hayo ni ya CSS, lugha ya kupamba ukurasa.

Hatua ya 2. Simamisha fremu ya nje:

```
<header>
  Jina la tovuti
  <nav>Menyu</nav>
</header>
<main>Kilichomleta msomaji</main>
<footer>Hakimiliki, mawasiliano</footer>
```

`<main>` inayoonekana iwe moja tu. Vinavyojirudia kila ukurasa, kama nembo na menyu, vikae nje yake.

Hatua ya 3. Hapa ndipo wengi tunateleza: `<article>` au `<section>`? Kipimo changu: kinyofoe kipande, kibandike kwenye tovuti nyingine. Kikieleweka peke yake ni `<article>`. Iwe habari, makala, hata maoni ya msomaji mmoja. Kama kinawategemea wenzake lakini kina mada na kichwa chake, ni `<section>`. Na kama ulitaka tu pa kushikiza rangi au kupanga safu, tumia `<div>`. Haijapigwa marufuku, jamani.

Hatua ya 4. Vichwa: `<h1>` mada ya ukurasa, `<h2>` sehemu zake, `<h3>` vilivyo ndani ya sehemu. Usichague `<h4>` eti kwa kuwa `<h2>` ina maandishi makubwa. Anayetumia NVDA (kisoma skrini, ile programu inayomsomea asiyeona) hubonyeza H kuruka kichwa hadi kichwa, na D kuruka eneo hadi eneo, kama `<nav>` na `<main>`. Ukivuruga ngazi umempoteza njia.

Hatua ya 5. Zima CSS, soma kutoka juu hadi chini. Ukipotea mwenyewe, rudi hatua ya 1.

MASWALI

*Mkuu, `<header>` mbili zinaruhusiwa?*

Ndiyo. Ya ndani ya `<article>` hubeba kichwa na tarehe ya makala hiyo (tarehe iweke kwenye `<time>`). Ile ya nje ndiyo ya tovuti nzima.

*Nina `<div>` yenye onclick (amri ya kufanya kitu ikibonyezwa), nimeipamba inafanana kabisa na kitufe. Kosa liko wapi?*

Weka kipanya pembeni, jaribu kuifikia kwa Tab. Umeona? `<button>` inafikika, inaitikia Enter na Space, na inajitaja kuwa kitufe. Kuyarudisha hayo kwenye `<div>` kunataka tabindex (ifikike kwa Tab), role (ijitaje ni kitu gani) na JavaScript juu. Niliwahi kupoteza mchana mzima hivyo, kwa kitufe kimoja.

*Na nikiwa na `<nav>` mbili?*

Zipe majina kwa aria-label (jina ambalo kisoma skrini hulisoma), mfano "Kuu" na "Mada jirani". Neno "menyu" usiliongeze humo. Kisoma skrini chenyewe kitatangaza kuwa hapo ni eneo la viungo.