Jinsi ya Kupima Kama Jambo Ni Dhambi Kwako

Anza na Maandiko kabla ya kuisikiliza dhamiri. Uuaji, uzinzi, wizi na ushuhuda wa uongo vimekatazwa katika Amri Kumi (Kutoka 20) bila kujali mtu wala cheo, na mtendaji hawezi kujitetea kwamba moyo wake haukumsuta. Ukikuta jambo lako limo humo, hakuna la kupima tena. Limebaki la kutubu.

Ikiwa halimo, soma Warumi 14, tena polepole, kwa sababu hapa ndipo wengi wetu tunapojikwaa. Waamini wa Rumi walibishana juu ya vyakula na siku, mmoja akila kila kitu na mwenzake akila mboga tu, naye Paulo hakuwalazimisha kufanana. Alitaka kila mtu athibitike katika akili zake mwenyewe, kisha akaongeza, katika aya ya 23, kwamba kila tendo lisilotoka katika imani ni dhambi. Basi watu wawili waweza kula nyama ile ile mezani, mmoja akamshukuru Mungu na mwingine akatenda dhambi, kwa kuwa huyu wa pili ameimeza huku akiamini kwamba anamwasi Mungu. Jiulize, basi, kama unaweza kushukuru kwa jambo hilo bila shaka moyoni. Ukiona shaka, liache, hata kama mchungaji wako analifanya. Lakini usimhukumu yeye kwa dhamiri yako.

Mtazame pia ndugu aliye dhaifu, kwa maana katika 1 Wakorintho 8 Paulo yuko tayari kutokula nyama kabisa kuliko kumkwaza.

Mwisho, pima ujuzi ulio nao. Yakobo 4:17 inasema kwamba ajuaye kutenda mema asiyatende, kwake huyo ni dhambi, na katika Luka 12 mtumwa aliyejua mapenzi ya bwana wake anapigwa sana kuliko asiyejua, ingawa naye hasalimiki. Tofauti kama hiyo, ila ya cheo badala ya ujuzi, inaonekana waziwazi katika Walawi 4: kuhani aliyekosa bila kukusudia alileta ng'ombe dume, mtawala beberu, mtu wa kawaida mbuzi jike. Sadaka hazikulingana, lakini kila mmoja wao aliweka mkono wake juu ya kichwa cha mnyama wake.